Mcheza Kwao Hutunzwa: Nani Huliandika Jina la Mshindi wa Tuzo ya Utafiti wa Afya?

Neno tuzo lina asili yake ngomani. Kutuza, kwa wazee wetu wa pwani, ni kumpa mchezaji au mwimbaji kitu kwa kupendezwa na kazi yake. Anayetuza huinuka kitini, hupita katikati ya watu na kuitoa noti yake mbele ya macho ya wote. Kila aliyehudhuria anajua nani katuza, nani katuzwa, na kwa wimbo upi. Kwa mila hiyo tunauelewa vizuri msemo wetu kwamba mcheza kwao hutunzwa. Husemwa kwa furaha, lakini una upande wake wa pili: anayecheza ugenini, mbele ya watu wasiolijua jina lake, anaweza kucheza vizuri kuliko wote na akarudi nyumbani mikono mitupu.

Katika makala haya ninakusudia kuutumia msemo huo kuisoma historia ya tuzo za utafiti wa afya. Kila mwezi Oktoba, pindi Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba inapotangazwa, wanafunzi wangu huuliza swali lilelile: mbona hakuna wa kwetu? Majibu mawili hutolewa haraka. La kwanza ni kwamba sisi hatufanyi utafiti wa maana. La pili ni kwamba wao wanatubagua. Kila moja lina chembe ya ukweli, na yote mawili yanaliruka swali linalotangulia: ni nani huyapendekeza majina? Kabla mshindi hajachaguliwa, ni lazima jina lake liwe limeandikwa katika karatasi na mtu mwenye haki ya kuliandika. Ambaye hakuandikwa hashindwi, hakuwamo mashindanoni. Historia ya karatasi hiyo haifundishwi sana, na ndiyo ninayotaka tuitazame.

Tuanze na Alfred Nobel mwenyewe. Aliutia saini wasia wake mjini Paris tarehe 27 Novemba 1895, akafariki tarehe 10 Desemba 1896. Katika wasia huo aliagiza kwamba tuzo za sayansi ziwaendee waliowanufaisha binadamu kwa kiwango kikubwa kabisa katika mwaka uliotangulia, na kwamba utaifa wa mtu usizingatiwe hata kidogo. Kazi ya kumchagua mshindi wa tiba aliikabidhi kwa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm. Tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1901. Msomaji aone tofauti iliyojitokeza mapema: wasia uliufungulia mlango ulimwengu mzima, lakini kanuni zilizotungwa baadaye ziliamua ni nani atakayeushika ufunguo.

Utaratibu wake, kwa ufupi, ni huu. Mtu hawezi kujipendekeza mwenyewe. Wenye haki ya kupendekeza ni pamoja na wajumbe wa Baraza la Nobel la Karolinska, lenye maprofesa 50. Wajumbe wa Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden walio katika fani za tiba na biolojia. Washindi wa zamani wa tuzo ya tiba na ya kemia. Na maprofesa wa vitivo vya tiba vya Sweden, Denmark, Finland, Iceland na Norway. Baada ya hao huja maprofesa wa vitivo vingine vichache duniani ambavyo Baraza huvichagua, pamoja na wanasayansi wengine ambao Baraza linaona wanafaa. Barua zinatakiwa ziwe zimefika kabla ya tarehe 1 Februari. Kamati ndogo huwapa wataalamu kazi ya kuyachambua mapendekezo, kisha Baraza hupiga kura. Majina ya waliopendekezwa na ya waliowapendekeza hufungiwa kwa miaka 50.

Kwa maneno mengine, profesa wa Uppsala au wa Oslo anayo haki ya kupendekeza kwa sababu ya kiti anachokikalia. Profesa wa Muhimbili, wa Makerere au wa Nairobi anaipata haki hiyo iwapo ataalikwa. Simsemi mtu kwa ubaya. Ninaeleza jinsi nyumba ilivyojengwa, na palipo na mlango mpana upande mmoja na dirisha upande mwingine, si ajabu wengi wakaingia kwa upande wa mlango.

Matokeo yalionekana tangu mwaka wa kwanza. Tuzo ya 1901 ilimwendea Emil von Behring wa Ujerumani kwa tiba ya seramu, hususan dhidi ya dondakoo. Kazi iliyoifungua njia hiyo ilikuwa makala ya Desemba 1890 kuhusu kinga dhidi ya dondakoo na pepopunda, na makala hayo yalikuwa na waandishi wawili: Behring, na Mjapani Kitasato Shibasaburo, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Kitasato alipendekezwa mwaka huo wa 1901, lakini mshindi akawa mmoja. Hoja zipo za kumtetea Behring, kwa kuwa upande wa dondakoo ulikuwa wake zaidi. Hata hivyo mfano uliwekwa: kazi iliyofanywa na mikono miwili ikatuzwa mkono mmoja, na mkono uliotuzwa ulikuwa ule uliokuwa karibu na wenye ngoma.

Mwaka uliofuata, 1902, tuzo ilihusu ugonjwa tunaoujua sisi kuliko wengi: malaria. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Kiingereza nchini India, aliviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad tarehe 20 Agosti 1897. Mwaka 1898, akiwa Calcutta, akaufuatilia mzunguko mzima wa vimelea vya malaria ya ndege. Wakati huohuo nchini Italia, Giovanni Battista Grassi na wenzake, Amico Bignami na Giuseppe Bastianelli, walithibitisha kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu aina ya Anopheles. Nani basi alistahili? Ubishi ulikuwa mkali na wa matusi. Robert Koch, ambaye alikwisha kugombana na Grassi, alisimama upande wa Ross, na neno la Koch wakati ule lilikuwa zito kuliko barua za watu kumi. Ross akashinda peke yake. Grassi alikufa mwaka 1925 bila tuzo hiyo.

Lakini katika kisa hiki yupo mtu wa tatu, ambaye hakuna aliyefikiria kumwandikia barua. Mbu wale wa Secunderabad walikuwa wamelishwa damu ya mgonjwa aitwaye Husein Khan, aliyekubali kuumwa kwa malipo ya anna moja kwa kila mbu. Anna 16 zilikuwa rupia moja, ile rupia iliyotumika pia katika pwani yetu zama hizo. Mbu walikuwa wanane. Malipo yakawa anna nane. Tunalijua jina lake kwa sababu Ross mwenyewe aliliandika. Sidai kwamba Husein Khan alikuwa mwanasayansi. Ninachodai ni kwamba ugunduzi ulipata nyama na damu kutoka kwake, na kwamba hesabu yetu ya nani alichangia nini huanza kupotea pale tu jina linapoachwa kuandikwa.

Tumtazame sasa huyo Koch, kwa maana habari zake zinafika hadi kwetu. Alipendekezwa mara nyingi tangu 1901, akashinda mwaka 1905 kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Mwaka 1906 alirudi Afrika Mashariki, akiongoza msafara wa serikali ya Ujerumani wa kuchunguza ugonjwa wa malale, na akapiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Malale yalikuwa yamekwisha kuua zaidi ya watu 200,000 katika mwambao wa ziwa. Koch aliwadunga wagonjwa dawa ya atoksili, yenye arseniki ndani yake. Kwanza ilionekana kufaulu, kisha akapandisha dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka na hawakuona tena. Aliporejea Ujerumani mwaka 1907 alishauri, pamoja na mambo mengine, wagonjwa watengwe katika kambi.

Kwa nini nimeingiza kisa hiki katika makala ya tuzo? Ni kwa sababu mara nyingi tunaijadili tuzo kana kwamba kazi yake huisha siku ya kukabidhiwa. Sivyo. Tuzo humpa mtu mamlaka. Aliyefika Sese mwaka 1906 hakuwa daktari tu. Alikuwa mshindi wa Nobel, na nani kisiwani angemuuliza kuhusu dozi yake? Wazee walituachia onyo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jamii inayotoa sifa inao pia wajibu wa kubaki na haki ya kuuliza.

Uzito wa karatasi ya mapendekezo unaonekana wazi zaidi katika habari ya insulini. Mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921 na 1922, watu wanne walihusika kwa namna tofauti: Frederick Banting, daktari kijana mwenye wazo; Charles Best, msaidizi wake; John Macleod, profesa mwenye maabara; na James Collip, mtaalamu aliyeisafisha dawa hadi ikafaa kwa binadamu. August Krogh wa Denmark, mshindi wa Nobel wa 1920, alitembelea Toronto mwaka 1922, akarudi kwao na kuwapendekeza Banting na Macleod. Hao wawili wakashinda mwaka 1923. Best hakuwa amependekezwa na yeyote mwaka ule, kwa hiyo kamati isingeweza kumpa hata kama ingetaka. Banting alikasirika, akagawana fedha zake na Best. Macleod naye akagawana zake na Collip. Ugawaji ule wa fedha ulikuwa hukumu juu ya utaratibu, iliyotolewa na washindi wenyewe.

Je, kamati ya wataalamu haiwezi kukosea? Inaweza. Tuzo ya 1926, iliyotolewa mwaka 1927, ilimwendea Johannes Fibiger wa Denmark kwa kudai kwamba mnyoo unaoenezwa na mende ulisababisha saratani katika tumbo la panya. Baadaye ilibainika kwamba panya wale walikuwa na upungufu wa vitamini A, na kwamba vidonda alivyoviona havikuwa saratani iliyoletwa na mnyoo. Aliyependekezwa pamoja naye alikuwa Mjapani Katsusaburo Yamagiwa, ambaye mwaka 1915, yeye na mwenzake Koichi Ichikawa, walizalisha saratani katika masikio ya sungura kwa kuyapaka lami ya makaa ya mawe mara kwa mara. Kazi ya Yamagiwa ndiyo iliyosimama mpaka leo. Wachambuzi wa kamati hawakuafikiana, na mwishoni Yamagiwa akaachwa. Baada ya hapo tuzo ikakaa mbali na utafiti wa chanzo cha saratani kwa muda mrefu: Peyton Rous, aliyegundua virusi vya uvimbe wa kuku mwaka 1911, alisubiri hadi 1966.

Sasa tuje Afrika. Hadi ninapoandika, waliozaliwa Afrika Kusini mwa Sahara na kupata Nobel ya tiba ni watatu, nao wote ni wazungu wa Afrika Kusini: Max Theiler mwaka 1951, Allan Cormack mwaka 1979 na Sydney Brenner mwaka 2002. Theiler alizaliwa Pretoria, akafanya kazi yake kubwa katika maabara ya Rockefeller mjini New York, na akatuzwa kwa chanjo ya homa ya manjano iitwayo 17D. Kila msomaji aliyewahi kuonyesha kadi ya njano mpakani au uwanja wa ndege anaifahamu chanjo hiyo mwilini mwake.

Virusi vilivyozaa chanjo hiyo vilitoka wapi? Mwaka 1927 tume ya Rockefeller iliyokuwa ikichunguza homa ya manjano Afrika Magharibi ilichukua damu ya kijana mmoja wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyekuwa na homa hiyo. Jina lake Asibi. Damu yake iliingizwa katika kima, kima akaugua, na kwa mara ya kwanza virusi vikapatikana kwa namna iliyowezesha kuvichunguza. Asibi alipona. Virusi vilivyotoka kwake vikahamishwa maabara hadi maabara, vikadhoofishwa, na mwaka 1937 Theiler na mwenzake Hugh Smith wakatangaza chanjo. Hadi leo wanasayansi huviita virusi hivyo kwa jina la Asibi. Huyu walau jina lake lilibaki. Lakini lilibaki kama jina la kirusi, si kama jina la mtu.

Katika mji wa Accra, wakati huohuo, alikuwapo mtafiti mwingine: Hideyo Noguchi, Mjapani wa taasisi ileile ya Rockefeller. Alikuwa ameshikilia kwamba homa ya manjano husababishwa na bakteria, na akaenda Accra mwaka 1927 kulihakiki dai lake. Alikufa kwa homa hiyohiyo tarehe 21 Mei 1928. Noguchi alikuwa amependekezwa mara kadhaa kwa Nobel bila kushinda, na katika suala la homa ya manjano hakuwa sahihi. Miaka karibu 80 baadaye, mwaka 2006, serikali ya Japani chini ya Waziri Mkuu Junichiro Koizumi ilianzisha tuzo kwa jina lake, Tuzo ya Hideyo Noguchi kwa Afrika, yenye matawi mawili: utafiti wa tiba na huduma za tiba. Kila tawi lina fedha za Kijapani yeni milioni 100.

Ninaitaja tuzo hii kwa sababu waanzilishi wake walibadili jambo dogo lenye matokeo makubwa. Waliweka huduma kando ya utafiti, wakaipa uzito sawa, na wakaielekeza tuzo nzima kwenye magonjwa na watu wa Afrika. Tazama kilichotokea. Mwaka 2008, tuzo ya kwanza, upande wa utafiti ulikwenda kwa Brian Greenwood, Mwingereza aliyetumia miaka mingi Gambia akichunguza malaria na vyandarua vyenye dawa. Upande wa huduma ulikwenda kwa Profesa Miriam Were wa Kenya, aliyetumia maisha yake kuijenga afya kuanzia kijijini, akiwafanya wanakijiji kuwa watendaji badala ya wapokeaji. Mwaka 2013 walipewa Peter Piot wa Ubelgiji na Daktari Alex Coutinho wa Uganda. Mwaka 2019 walipewa Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo na Profesa Francis Omaswa wa Uganda. Waganda wawili na Mkenya mmoja katika tuzo tatu za mwanzo! Je, Afrika Mashariki iliota akili ghafla mwaka 2008? Hasha. Watu hao walikuwapo miongo mingi. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa na watu waliotakiwa kulijibu.

Habari ya Piot na Muyembe inastahili kusimama peke yake. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Muyembe, mtaalamu kijana wa virusi, alitumwa huko. Aliwachukua wagonjwa damu bila glovu, akachukua vipande vya maini ya marehemu, na akamsafirisha mtawa mmoja mgonjwa hadi Kinshasa. Damu iliyotoka Kinshasa ilisafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, katika chupa za kuhifadhi baridi, za umbo lilelile la chupa zetu za chai, na huko Piot alikuwa miongoni mwa waliozifungua. Baadaye virusi vile vilipewa jina la Ebola. Kwa miaka mingi, aliyetajwa duniani kama mgunduzi alikuwa yule aliyeifungua chupa. Aliyeingia wodini Yambuku akawa mstari mmoja katika simulizi, au hakutajwa kabisa.

Tuzo ya Noguchi iliwapa wote wawili, ila kwa mpango unaofaa kutafakariwa: Piot mwaka 2013, Muyembe mwaka 2019. Si haki yangu kumpunguzia Piot, ambaye amefanya kazi kubwa pia katika UKIMWI. Lakini mwenye kusoma historia hawezi kuacha kuona kwamba hata katika tuzo iliyotungwa kwa ajili ya Afrika, aliyekuwa mbali na kitanda cha mgonjwa alitangulia kwa miaka sita. Na msimu uleule wa 2019, Agosti, yalitoka matokeo ya jaribio la dawa za Ebola lililofanyika mashariki mwa Kongo, likiwa na wagonjwa 681. Mojawapo ya dawa mbili zilizoonekana kuokoa maisha zaidi ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa 1995, kazi ambayo Muyembe alishiriki tangu mwanzo. Jaribio hilo lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, kwa kuwa ndiyo lugha ya watu wa Kivu na Ituri walioombwa kujiunga nalo. Sijui jina lililo bora zaidi la kueleza utafiti wa afya ni nini. Ugumu wa tuzo zote upo hapo: maisha hulindwa pamoja, lakini medali hutundikwa katika shingo moja.

Wachina walikutana na ugumu huo pia. Mradi wao wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ulioanza tarehe 23 Mei 1967, ulihusisha mamia ya watafiti, na kwa miaka mingi matokeo yake yalichapishwa kwa jina la pamoja bila kumtaja mtu. Bibi Tu Youyou, ambaye timu yake iliipata artemisinini, alipata Tuzo ya Lasker mwaka 2011 na Nobel mwaka 2015, bila kuwa na shahada ya uzamivu. Dawa mseto tunazokunywa leo kwa malaria zimejengwa juu ya kazi hiyo. Huko China uliibuka mjadala: je, ni haki kumtaja mmoja? Ninaona mjadala ule ulikuwa wa heri, maana uliwalazimisha kufungua majalada na kuonyesha nani alifanya nini, mwezi gani, katika maabara ipi. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu majalada yalikuwapo.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma na vyuoni. Sisi pia sasa tunazo tuzo zetu, za vyuo, za wizara, za mabaraza ya sayansi. Na ninavyoziona, tunarithi kasoro za Stockholm bila kurithi nidhamu yake. Mwaliko wa kupendekeza huletwa kwa barua kwa mkuu wa idara, hulala mezani, na tarehe hupita. Mapendekezo yakija, huwa ni ya wakuu kupendekeza wakuu. Vigezo havitangazwi, na wasioshinda hawaelezwi sababu. Wenzetu wa Stockholm walau huzifungua nyaraka baada ya miaka 50, ndiyo maana mimi na wewe tunaweza leo kujadili Kitasato, Best na Yamagiwa. Mtafiti wa mwaka 2075 atakayetaka kujua tulivyochagua sisi atafungua kabati lipi?

Nina mapendekezo manne, nayo hayahitaji bajeti kubwa. Mosi, kila taasisi iwe na mtu au kamati yenye jukumu la kupendekeza, na iulizwe kila mwaka imependekeza akina nani. Uvivu wa kupendekeza ni namna ya kunyima. Miriam Were alipopendekezwa kwa Nobel ya Amani ya 2022, aliyeandika barua alikuwa shirika la Waquaker la Marekani lililo na haki hiyo kwa kuwa lilishinda mwaka 1947. Ni vizuri waliandika. Lakini katika vyuo vyetu wapo maprofesa wa sheria, historia na falsafa ambao kanuni za tuzo hiyo ya Amani zinawaruhusu kupendekeza moja kwa moja. Wangapi wanajua?

Pili, kumbukumbu za utafiti ziandike majina yote na kazi zote: mteknolojia wa maabara, muuguzi, dereva aliyefikisha sampuli usiku, mhudumu wa afya wa jamii aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba. Hakuna kamati itakayomtuza asiyeandikwa popote. Tatu, haki ya kupendekeza isiwe ya vyeo pekee. Muuguzi wa zahanati apewe fomu ileile anayopewa mkuu wa kitivo. Nne, kamati ichapishe vigezo kabla, itangaze wajumbe wake, na ihifadhi nyaraka zake kwa tarehe inayojulikana ya kuzifungua.

Wapo watakaosema kwamba mwanasayansi wa kweli hafanyi kazi kwa ajili ya tuzo. Ninakubali. Muyembe hakwenda Yambuku akifikiria medali. Lakini tuzo huamua nani atasikilizwa bungeni, nani atapewa fedha za mradi unaofuata, picha ya nani itabandikwa katika ukuta wa shule ya sekondari, na mtoto wa Namtumbo au wa Busia ataamini kwamba ugunduzi hufanywa na watu wa sura gani. Ni suala la madaraka, kwa hiyo ni suala la umma.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwa sharti kwamba hao walio kwao wameinuka vitini. Mwaka huu mialiko itakuja tena, na tarehe za mwisho zitakuwa zimeandikwa chini ya barua. Ndugu msomaji, kama barua hiyo ipo mezani kwako, andika jina la mtu.